Mita ya mizunguko ya injini: jinsi ya kuifunga kwenye boti na pampu, na la kufanya inapotoa namba za ajabu

Nahodha anayetoka Mwigobero jioni kwenda kuvua dagaa ana taa, ana wavu, ana dumu la petroli, na siku hizi ana simu mfukoni. Kitu ambacho mara nyingi hana ni kipimo cha kumwambia injini yake inazunguka kwa kasi gani. Anategemea sikio. Sikio la mvuvi mzoefu ni zuri, lakini lina udhaifu mmoja: linazoea. Injini ikipungua nguvu kidogo kidogo kwa miezi mitatu, sikio halishtuki, kwa sababu mlio wa leo unafanana na wa jana. Siku inapozima katikati ya ziwa, usiku, upepo umeshaamka, watu husema imekufa ghafla. Mara nyingi haikufa ghafla. Ilikuwa inaumwa muda mrefu bila mtu kujua.

Habari ni hiyo hiyo kwa mkulima wa nyanya na vitunguu kandokando ya ziwa upande wa Bunda, anayevuta maji kwa pampu ya petroli. Anaona maji yamepungua, anaongeza resi, petroli inaisha haraka, na bado hajui kama tatizo ni injini, ni pampu au ni mpira wa kuvutia maji.

Kipo kifaa kidogo, kinachokaa kwenye kiganja, kinachoweza kusaidia wote wawili. Mafundi wanakiita takometa. Sisi hapa tutakiita mita ya mizunguko. Ni mita ya aina ile ile wanayofunga watu wanaoruka angani kwa mwavuli wenye injini mgongoni, kwa sababu wao injini ikipungua nguvu wanashuka watake wasitake. Huku kwetu wengi haturuki, lakini mtu aliye maili kadhaa kutoka nchi kavu naye ana sababu nzuri ya kuijua injini yake.

Mizunguko ni nini?

Ndani ya injini kuna shafti inayozungushwa na pistoni. Mita inahesabu shafti hiyo inazunguka mara ngapi kwa dakika moja. Kwenye kioo utaona herufi RPM, maana yake ni hiyo hiyo: mizunguko kwa dakika. Injini ndogo ya boti ikiwa silensa huzunguka mara 1,000 hivi kwa dakika, chini kidogo au juu kidogo kutegemea aina. Ikifunguliwa resi yote, injini nyingi za boti za stroku mbili zinazotumika katika ziwa letu zimetengenezwa zifike kati ya 4,500 na 5,500. Namba kamili ya injini yako imo kwenye kitabu chake. Kama kitabu kimepotea, muulize muuzaji wa spea au fundi anayeifahamu aina hiyo, ukimtajia namba ya modeli iliyobandikwa kwenye kibao cha injini.

Mita inajuaje?

Mita nyingi za bei nafuu hazifungwi ndani ya injini. Zina waya mmoja unaozungushwa juu ya waya mnene wa plagi. Kila plagi inapotoa cheche, umeme mkali sana hupita kwenye waya huo, na waya mdogo wa mita unauhisi kwa nje bila kuugusa. Mita inahesabu cheche, kisha inapiga hesabu ya mizunguko. Kwa hiyo kumbuka jambo hili, maana matatizo mengi ya mita yanaanzia hapa: mita haioni shafti, inaona cheche tu. Ukiidanganya kuhusu cheche, nayo itakudanganya kuhusu mizunguko.

Kwa sababu hiyo hiyo, mita ya aina hii haifanyi kazi kwenye mashine ya dizeli ya kusaga. Dizeli haina plagi ya cheche. Tutarudi huko baadaye.

Kuifunga hatua kwa hatua

Kwanza, zima injini na uiache ipoe. Kwenye boti toa kamba ya usalama ya kuzimia, na weka gia katikati. Chomoa kofia ya plagi ili mtu asiiwashe kwa bahati mbaya. Umeme wa plagi unapita volti 10,000. Usiushike waya wake injini ikiwa inafanya kazi, hata kama mikono ni mikavu.

Pili, chagua mahali pa kuweka mita. Mwendesha boti aione bila kugeuka, lakini isikae juu ya chuma cha moto wala karibu na ekzosi. Wengi wanaifunga kwenye ubao ulio karibu na mkono wa usukani. Kwenye pampu, fremu ya chuma inayobeba injini inafaa, mradi mtikisiko usiwe mkali mno; kipande cha mpira wa tyubu chini ya mita kinasaidia.

Tatu, pitisha waya wa mita hadi kwenye waya wa plagi. Kwenye injini ya boti upitishe kwenye tundu la mpira lililopo tayari, usitoboe kifuniko ovyo. Acha ulegevu wa kutosha ili injini ikiinuliwa au kugeuzwa waya usikatike. Hakikisha haugusi flaiwili wala kamba ya kuwashia, wala silinda.

Nne, zungusha waya wa mita kwenye waya wa plagi mara nne au tano, mizunguko ikiwa imekaza na imekaribiana. Zungusha kwenye waya wenyewe, usizungushe kwenye kofia ya plagi. Kisha funga pande zote mbili kwa klipu za plastiki ili usilegee. Usiukate wala kuuchuna waya wa plagi. Ukichunwa, umeme utavuja na injini itaanza kumisi.

Tano, kama mita ina waya wa pili, mara nyingi mweusi, huo ni wa bodi. Ufunge chini ya boluti kwenye chuma cha injini. Kwaruza rangi kwanza mpaka chuma king'ae, kaza, halafu pakaa grisi juu yake ili kutu isiingie. Rangi ni adui wa waya huu: boluti inaweza kukazwa vizuri kabisa na bado umeme usipite.

Sita, waya uliobaki ukunje na uufunge mbali na nyaya za plagi. Ukiulaza sambamba na waya wa plagi ya pili, mita itahesabu cheche za plagi zote mbili.

Iambie mita injini yako ni ya aina gani

Mita nyingi zina kitufe cha kupanga. Ukikishikilia, kioo kinaonyesha alama kama 1P1r, 2P1r au 1P2r. Namba ya kwanza ni idadi ya cheche, ya pili ni idadi ya mizunguko. Kwa hiyo 1P1r ni cheche moja kwa kila mzunguko, 2P1r ni cheche mbili kwa kila mzunguko, na 1P2r ni cheche moja kwa kila mizunguko miwili.

Injini ya stroku mbili yenye plagi moja, ile ya kuchanganya petroli na oili, hutoa cheche kila mzunguko. Panga 1P1r.

Pampu ndogo ya petroli ya stroku nne, mfano zile zenye injini ya Honda GX160 na nyingine zilizoigwa kwake, ndiyo inayowachanganya watu. Kwa kuwa stroku nne huchoma mafuta mara moja kwa mizunguko miwili, mtu hudhani apange 1P2r. Lakini sumaku ya moto wa plagi imo kwenye flaiwili, nayo flaiwili inapita kwenye koili kila mzunguko. Cheche inatoka kila mzunguko, moja ya kazi na moja ya bure. Panga 1P1r.

Injini ya boti yenye plagi mbili inategemea ilivyoundwa. Nyingine hutoa cheche kwa kila plagi kwa zamu yake. Hapo panga 1P1r. Nyingine hutoa cheche kwenye plagi zote mbili kwa pamoja, mara mbili kwa mzunguko. Hapo panga 2P1r. Njia rahisi ya kujua ni kuanza na 1P1r, kuwasha na kusoma silensa. Kama inasoma 2,000 wakati injini inanguruma taratibu, inahesabu maradufu. Badilisha.

Jaribio la kwanza

Boti iwe majini, imefungwa vizuri. Usiiwashe injini ya boti nchi kavu bila maji ya kupoozea, hata kwa dakika moja, maana pampu yake ya maji ni ya mpira na inaungua. Acha ipate joto, soma silensa, andika. Kisha nenda maji yaliyotulia karibu na nchi kavu, watu wakiwa wamevaa majaketi ya kuokolea, fungua resi yote kwa muda mfupi, soma, andika. Namba hizo mbili, pamoja na tarehe na mzigo uliobeba, ndizo kipimo chako cha afya ya injini. Baada ya hapo kila namba utakayoiona utailinganisha na hizo.

Mita inapokosea

Kioo hakionyeshi chochote: mita nyingi zina betri ndogo ndani na hulala zisipohisi cheche. Bonyeza kitufe. Kama bado, betri imekwisha. Kwenye mita nyingine betri inabadilishwa, nyingine zimezibwa moja kwa moja na zikiisha ndiyo mwisho wake. Uliza kabla ya kununua.

Inaonyesha sifuri injini ikiwa inanguruma: waya umelegea, umekatika ndani, au wa bodi haujagusa chuma. Kaza, kwaruza rangi, na ukibidi ongeza mzunguko mmoja au miwili kwenye waya wa plagi.

Inaonyesha mara mbili au nusu ya kasi halisi: huo si ubovu. Ni kupanga vibaya. Rudi kwenye alama.

Namba zinarukaruka, sasa 3,000, mara 9,000, mara 1,200: kwanza punguza mzunguko mmoja wa waya. Kisha angalia waya uliobaki usiwe karibu na waya wa plagi ya pili. Kisha angalia plagi yenyewe. Plagi nyingi zenye herufi R katikati ya jina, mfano BPR6ES, zina kizuizi ndani kinachotuliza umeme. Ukiweka isiyo na R mahali panapotakiwa yenye R, umeme unakuwa na makelele na mita inachanganyikiwa. Mwisho, angalia waya wa plagi kama una nyufa. Gizani, injini ikiwa inafanya kazi, ufa huonekana kwa cheche ndogo za bluu zinazorukia chuma. Fanya hivyo kwa kutazama tu, bila kugusa, na pasiwe na petroli iliyomwagika.

Inasoma vizuri silensa lakini inachanganyikiwa kwenye kasi kubwa: hapa swali ni moja, je, ni mita au ni injini? Tumia sikio lako pamoja na macho. Kama mlio umetulia na namba zinaruka, mita ndiyo yenye shida. Kama mlio na namba vinapanda na kushuka pamoja, mita inasema kweli, na injini ndiyo mgonjwa.

Injini ndiyo mgonjwa

Hapa ndipo mita inapolipa gharama yake. Angalia ishara hizi nne.

Ya kwanza, hujagusa resi lakini namba zinashuka zenyewe, 4,800, 4,600, 4,300. Hii ni hatari kubwa kuliko zote. Inawezekana injini inapata joto kupita kiasi na pistoni inaanza kung'ang'ania silinda. Punguza resi mara moja, geuka utazame kama injini bado inakojoa maji ya kupoozea. Kama haikojoi, zima. Gugu maji au mfuko wa plastiki unaweza kuwa umeziba mahali pa kuingizia maji. Injini iliyozimwa mapema hupoa na kuwaka tena. Iliyolazimishwa inanoki, na bei yake mnaijua.

Ya pili, resi yote imefunguliwa lakini injini haifiki kiwango chake, mfano inaishia 4,000. Ama mzigo ni mkubwa mno, ama propela ni kubwa kwa injini hiyo, ama plagi au kabureta ina shida. Tazama namba zilizogongwa kwenye propela. Ya mwisho ni mwendo wa propela kwa inchi. Kwa kawaida kupunguza inchi moja kunaongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Injini inayobebeshwa mzigo bila kufika kasi yake inaungua ndani taratibu, hata kama boti inaonekana inakwenda.

Ya tatu, injini inapita kiwango, mfano 6,000. Propela ni ndogo mno, au boti imepanda wimbi na propela imetoka majini. Kwenye mawimbi punguza resi kabla ya wimbi, usingoje mlio.

Ya nne, namba zinapanda lakini boti haiendi. Pini ya propela imekatika au mpira wake wa ndani unateleza. Hakuna haja ya kufungua kabureta. Beba pini ya akiba.

Na kwa injini za stroku mbili, kabla ya kulaumu chochote kumbuka mchanganyiko. Kipimo kinachotumika sana ni 50 kwa 1: mililita 100 za oili kwa lita 5 za petroli, au mililita 400 kwa dumu la lita 20. Injini mpya, au iliyofunguliwa ikawekwa ringi mpya, mara nyingi huhitaji oili maradufu ya hiyo kwa saa za mwanzo. Fuata kitabu chake.

Kwa mkulima mwenye pampu

Pampu za GX160 na jamii yake zimepangwa zifanye kazi kwa kasi isiyozidi mizunguko 3,600 hivi, na silensa yake ni karibu 1,400. Mita ikikuonyesha 3,500 lakini maji ni machache, acha kuongeza resi. Injini ni nzima. Tafuta hewa inayoingia kwenye mpira wa kuvutia, chujio lililoziba tope, au feni ya ndani iliyolika. Mita ikionyesha 2,800 wakati resi imefunguliwa yote, basi injini ndiyo ya kushughulikia: safisha chujio la hewa, angalia plagi, mwanya wake uwe milimita 0.7 hadi 0.8.

Mita pia inakuonyesha pa kuokoa petroli. Pampu ikipunguzwa kasi kwa sehemu moja ya kumi, mzigo kwa injini unapungua kwa zaidi ya robo. Kama shamba lipo tambarare karibu na maji, utapoteza maji kidogo na kuokoa mafuta mengi zaidi. Lakini angalizo: uwezo wa kupandisha maji juu nao unashuka, karibu sehemu moja ya tano. Kwa shamba lililo juu ya kilima, kupunguza kasi kunaweza kuyakata maji kabisa. Pima kwa ndoo na saa ya simu: ndoo inajaa kwa sekunde ngapi kwa kila kasi.

Wenye boti wanaweza kufanya jaribio kama hilo. Simu nyingi zina uwezo wa kuonyesha mwendo kwa setilaiti, bila bando, programu ikishapakuliwa. Endesha kwa 3,500, kisha 4,000, kisha 4,500, ukiandika mwendo wa boti na petroli iliyotumika. Wengi watakuta kwamba mizunguko ya mwisho inakula mafuta mengi na kuongeza mwendo mdogo sana.

Mashine za kusaga na jenereta

Kwa dizeli, tumia mita ya mkononi ya mwanga. Unabandika kipande kidogo cha karatasi inayong'aa kwenye flaiwili injini ikiwa imezimwa, unawasha, unamulika ukiwa mbali na mkanda. Usivae kanga wala shati linaloning'inia karibu na mkanda unaozunguka. Kasi inayotakiwa imeandikwa kwenye kibao cha injini.

Jenereta ndogo nyingi za petroli zinatakiwa kuzunguka 3,000 ili zitoe umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde, kama ule wa gridi. Mita ikisoma 3,400, umeme wako si salama kwa friji wala redio.

Saa za kazi

Mita nyingi huhesabu pia saa ambazo injini imefanya kazi. Usiipuuze namba hiyo. Injini ya boti kwa kawaida hukaguliwa baada ya saa 10 za kwanza, kisha kila saa 50 na saa 100. Oili ya pampu aina ya GX160 hubadilishwa baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 100. Mvuvi anayefanya kazi saa nne kila usiku anafikisha saa 100 ndani ya siku 25, wakati mwenye kuhesabu kwa miezi anadhani injini bado ni mpya.

Andika namba zako kwenye daftari au kwenye simu: tarehe, silensa, resi yote, saa za kazi. Siku ukienda kwa fundi, mwonyeshe. Kumwambia "haina nguvu" kutamfanya aanze kufungua vitu kwa kubahatisha, kwa gharama yako. Ukimwambia kwamba mwezi jana ilifika 5,000 na sasa inaishia 4,300 kwa mzigo ule ule, atajua pa kuanzia. Na kama una swali kuhusu injini yako, tutumie modeli yake pamoja na namba hizo, tulijibu hewani.